Harara na Pumzi: Mhadhara juu ya Hewa ya Chumba cha Yoga katika Masisi na Walikale



Swali nililoombwa kulizungumza ni dogo kwa umbo: chumba anachofanyia mtu mazoezi ya yoga chafaa kiwe na joto la kiasi gani? Aulizaye swali hili katika mji wenye umeme usiokatika hujibiwa kwa tarakimu moja, kisha huonyeshwa kitufe ukutani cha kuongezea joto au kulipunguza, na shauri likaisha. Lakini aulizaye akiwa mtu wa Masisi au wa Walikale, wilaya mbili zilizopakana katika Kivu Kaskazini, ya kwanza ikiwa imeinuka juu ya milima ya malisho na ukungu, ya pili ikiteremka upande wa magharibi mpaka ndani ya msitu mkubwa upitwao na mto Lowa, tarakimu ile haimfai kitu, kwa kuwa kitufe hana, na kwa kuwa hewa ya jirani yake si hewa yake. Kauli yangu ni kwamba harara ifaayo kwa yoga ni ile inayoiacha pumzi itulie bila ya kulazimishwa. Na kwamba kwetu sisi harara hiyo hupatikana kwa kuchagua saa, mahali na vazi, wala si kwa kuwasha moto.

Huenda msikilizaji akajiuliza moyoni kama nchi iliyoona dhiki tuliyoiona ina nafasi ya mazungumzo ya namna hii. Naliona swali hilo kuwa la haki, na jibu langu ni kwamba nafasi ipo, tena kwa sababu ya dhiki yenyewe. Tangu mwaka 2022 mpaka mwanzo wa mwaka 2025 maelfu kwa maelfu ya watu wa Masisi waliishi chini ya maturubai ya plastiki huko Bulengo, Lushagala na Rusayo, kando ya Goma, wakilala juu ya mawe ya volkeno, usiku wakitetemeka na adhuhuri wakiungua mahali pale pale walipotetemekea. Mwili uliokimbia mara nyingi hujifunza mambo ambayo nafsi haikuyataka: mabega hukaza, usingizi huwa mwepesi, na pumzi hupanda ikakaa juu ya kifua kama kwamba mtu yu tayari kukurupuka tena. Bessel van der Kolk, tabibu wa Boston, pamoja na wenzake, walichapisha mwaka 2014 uchunguzi juu ya wanawake waliobaki na majeraha ya nafsi yasiyosikia matibabu ya kawaida, wakaona kuwa wale waliofundishwa yoga walipata nafuu kubwa kuliko wenzao waliofundishwa masomo ya afya peke yake. Yoga haimrudishii mtu shamba lake wala haimwondolei mwenye bunduki njiani, nami singemsamehe mtu yeyote angeileta badala ya amani. Lakini mwanamke wa Kitchanga au wa Pinga anayetaka kulala usingizi mzima usiku mmoja anastahili kuelezwa kwa uangalifu uleule anaoelezwa tajiri wa mjini.

Elimu hii haikutoka kwa mababu zetu. Imetoka India, na Umoja wa Mataifa uliitengea siku yake, tarehe 21 Juni, kwa azimio la Desemba 2014. Askari wa India waliovaa kofia za buluu, ambao kwa miaka mingi walikuwa na kambi katika Kivu Kaskazini, Masisi na Walikale zikiwamo, ni wana wa nchi ilikozaliwa elimu hii. Mwenye kuona haya ya kidini katika jambo hili na achukue kunyosha viungo na kutuliza pumzi, ayaache yaliyobaki. Viungo na pumzi ni mali ya kila mja.

Katika karne ya 15 Svatmarama aliandika kwa Kisanskriti kitabu kiitwacho Hatha Yoga Pradipika, na mapema ndani yake akaieleza nyumba ya mazoezi: kijumba cha faragha, chenye mlango mdogo, kisicho na matundu, sakafu yake isiinuke mno wala isizame mno, ikandikwe vizuri kwa samadi ya ng'ombe, iwe safi, isiwe na wadudu. Kukandika sakafu kwa samadi si jambo geni katika nchi za wafugaji wa maziwa makuu, na mzee wa Masisi akilisikia hilo atajiona yu nyumbani. Kipimo cha joto hakikutajwa, kwani kipimajoto kilikuwa hakijabuniwa. Lakini lililonishika zaidi ni kwamba Svatmarama, kabla ya kufika kwenye mlango na sakafu, alitanguliza nchi: kijumba kile kisimame katika nchi inayotawaliwa kwa haki, yenye chakula na isiyo na fitina. Alijua kwamba mtu hawezi kuituliza pumzi yake ilhali sikio lake linasikiliza barabarani.

Kitabu kingine kilichokuja baadaye, Gheranda Samhita, chamkataza mwanafunzi kuianza yoga wakati wa baridi kali, au wa kiangazi, au wa mvua nyingi, kikamtaka aingie katika majira ya katikati, ambapo mwili hausumbuliwi na upande wowote. Hapo ndipo penye ufunguo wa suala letu. Sisi tunakaa karibu mno na mstari wa ikweta, Masisi ikiwa kusini yake kwa digrii moja na ziada, na joto la Januari halitofautiani sana na la Julai. Tofauti kubwa kwetu ni baina ya alfajiri na adhuhuri ya siku hiyohiyo. Baridi yetu huja usiku na kiangazi chetu huja jua linaposimama kichwani. Basi sharia ya majira iliyowekwa kwa ajili ya India yapasa kwetu igeuke kuwa sharia ya saa, na yule mwanafunzi aliyengoja mwezi mwema, huku kwetu angoje saa njema, ambayo haikosi kuja kila siku.

Natuutazame mwili kidogo. Mtu mzima aliyetulia hutoa joto kama la taa ya umeme ya wati 100, naye akianza kujinyosha na kusimama kwa mguu mmoja joto hilo huongezeka mara mbili au tatu. Ndani, mwili hutaka kubaki karibu na digrii 37, na kwa hiyo ziada yote sharti itoke: hutoka kwa ngozi kwenda hewani, hutoka kwa mgongo kwenda sakafuni, na hutoka kwa jasho linapogeuka mvuke. Walimu wengi wa yoga ya kawaida hutaka chumba kiwe baina ya digrii 20 na 24, na mimi nakubaliana nao kwa mtu aliyevaa nguo nyepesi. Lakini tarakimu hiyo yatupa nusu tu ya habari, maana haisemi hewa ina unyevu gani, wala kama upepo unapita, wala sakafu ni ya namna gani, wala kama mwenye kufanya mazoezi amesimama au amekwisha kulala chali.

Sasa twende Masisi. Kila mtu apandapo mita 1,000, joto la hewa hupungua kiasi cha digrii 6, na nyanda nyingi za Masisi, zile za ng'ombe na jibini, zimepita mita 2,000 juu ya bahari. Usiku hewa huweza kushuka ikakaribia digrii 10. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa nyumba wa mwaka 2018, lilitaja digrii 18 kuwa kiasi cha chini kilicho salama ndani ya nyumba wakati wa baridi kwa nchi zisizo za joto. Nyumba ya mbao yenye nyufa, huko juu, alfajiri, haifiki hapo. Aamkaye akaanza mara moja kuinama mpaka vidole viguse miguu, na misuli yake ingali imekaza kwa baridi, hujitafutia maumivu ya kiuno ambayo hayakuwako. Tena kuna jambo lisilopimwa na kipimajoto: katika mita 2,000 mgandamizo wa hewa umepungua karibu humusi moja kuliko pwani, na oksijeni imepungua kwa kiasi hichohicho, kwa hiyo kifua hufanya kazi zaidi hata mtu akiwa ameketi. Mgeni atokaye Walikale akapanda Masisi asishangae akiona zile hesabu za kuvuta na kuzuia pumzi alizozizoea zimemwelemea. Azipunguze kwa siku kadhaa, kisha mwili utazoea.

Saa njema ya Masisi, kwa rai yangu, ni baina ya saa tatu na saa tano asubuhi, wakati jua limekwisha kuukausha umande na mabati yameanza kupata moto bila ya kuchoma. Alasiri mara nyingi huwa ni ya mvua, na mvua juu ya mabati huzima sauti ya mwalimu. Asiye na nafasi ila alfajiri, kwa sababu ya shamba au ya ng'ombe, na aanze kwa kutembea, kuzungusha mabega, na kuinuka na kuchuchumaa polepole akiwa bado amevaa sweta, mpaka ahisi ujoto umeingia mikononi. Hapo avue nguo moja, si zote. Chini atandike blanketi juu ya mkeka, kwa maana sakafu ya saruji au ya udongo hunyonya joto la mgongo kwa kasi kuliko hewa, na mkeka mmoja mwembamba hauizuii. Na watu wakiweza kukusanyika wengi katika darasa moja, ni bora zaidi: watu 30 wakijinyosha pamoja hutoa joto la zaidi ya wati 3,000, wala hakuna kuni iliyokatwa.

Naja sasa kwenye neno ambalo kwa ajili yake peke yake ningalikubali kuja hapa. Mtu akiona baridi, mkono wake huenda kwenye mbabula. Huijaza makaa, huiingiza ndani, hufunga mlango na dirisha, na chumba huwa kizuri. Makaa yanayoungua mahali pasipo hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, ambayo haina rangi, haina harufu, wala haimkohoshi mtu, na damu huishika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko inavyoishika oksijeni. Aliyelala usingizi huuawa nayo bila ya kuamka. Sembuse aliyeketi akaambiwa avute pumzi ndefu, aishike, aiachie, avute tena, katika nchi ya juu ambako oksijeni tangu hapo ni haba! Kichwa kikianza kuuma na macho kuwa mazito, yeye atadhani ni utulivu. Nawasihi walimu wote: mbabula isiingie chumbani abadan. Kama ni lazima chumba kipashwe, makaa na yawake nje, maji yachemshwe, yatiwe katika chupa au jerikeni iliyozibwa na kufungwa kitambaa, na hiyo ndiyo iletwe ndani. Ni afadhali mara mia kutetemeka.

Na kwa kuwa tumetaja hewa inayoua, watu wa Sake, ambayo ni mlango wa Masisi upande wa ziwa, wanaijua nyingine. Mazuku yamewaua mbuzi, kondoo na watoto tangu zamani katika mabonde ya mawe ya volkeno baina ya Sake na Goma. Ni kaboni dioksidi itokayo ardhini, nayo, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa kwa kiasi cha mara moja na nusu, hukaa chini kwenye mashimo, hasa usiku na alfajiri upepo unapokuwa haupo. Mtu aliyesimama aweza kupita salama, naye aliyelala akafa. Na yoga ni elimu ya kulala chini na kupumua kwa kina. Atakayechagua mahali pa mazoezi katika pande hizo, hata kama bonde lile lina kivuli na faragha na hewa yake ni ya joto la kupendeza, aliepuke. Akae mahali palipoinuka, palipojaribiwa na wenyeji, na awaulize kabla ya kutandika mkeka, kwa maana wenyeji huyajua mashimo hayo moja moja.

Tukiteremka Walikale hukumu hubadilika. Katika nyanda za Lowa, chini ya mita 1,000, adhuhuri hukaribia digrii 30, na hewa ya msituni imejaa maji. Taabu ya hapo hailetwi na joto peke yake. Lita moja ya jasho ikigeuka mvuke yote huondoka na joto la kilokalori 580 hivi, na ndiyo rehema aliyopewa binadamu. Lakini hewa iliyokwisha kushiba unyevu hailipokei jasho, nalo hutiririka tu mpaka mkekani, likimpunguzia mtu maji na chumvi bila ya kumpoza. Kwa hiyo digrii 26 za Walikale humchosha mtu kuliko digrii 29 za mahali pakavu. Damu nayo, ikiwa imekimbilia ngozini kutafuta ubaridi, hukawia kufika kichwani mtu ainukapo ghafula kutoka katika kuinama, na kizunguzungu chake si dalili ya roho bali ni dalili ya kiu.

Huko nashauri paa la majani kuliko la mabati, na baraza kuliko chumba. Watu wasirundikane: lile joto la watu 30 tulilolishukuru Masisi hapa ni mzigo, na darasa heri ligawanywe mara tatu. Mazoezi yawe ya kuketi na kulala, kila tendo likikawizwa, na sakafu iliyo baridi iachwe wazi chini ya mgongo. Saa njema ingalikuwa ile ya kabla ya jua, yenye digrii 20 au karibu yake, lau si mbu wa malaria, ambaye huuma tangu magharibi mpaka alfajiri. Na kuziba baraza kwa chandarua chenye matundu madogo huuzuia upepo tulioutafuta. Baina ya shari mbili nachagua kungoja: jua lichomoze, mbu waondoke, na kazi imalizike kabla ya saa tatu, au hata saa mbili na nusu siku isiyo na mawingu. Vijana waliobeba magunia ya kasiteriti migongoni kutoka machimbo ya Bisie kupita msituni mpaka Ndjingala, ambao migongo yao yahitaji kunyoshwa kuliko ya mtu yeyote katika ukumbi huu, wasifanye hivyo wangali na joto la kazi. Wanywe maji, wakae kivulini mpaka jasho likauke, ndipo walale chini.

Wako waniambiao kwamba Walikale imebahatika, kwa kuwa huko ng'ambo watu hulipa fedha ili wafanye yoga katika chumba cha moto. Ni kweli kwamba Bikram Choudhury, mzaliwa wa Calcutta, alieneza Marekani tangu miaka ya 1970 mazoezi yake ya mikao 26 katika chumba kinachopashwa mpaka digrii 40 na ziada, unyevu ukiwa asilimia 40. Mwaka 2018 Stacy Hunter na wenzake wa Texas walichapisha matokeo ya kuwafundisha watu wa umri wa miaka 40 hadi 60 mikao hiyohiyo kwa wiki 12, wengine katika joto hilo na wengine katika digrii 23. Nafuu ya mishipa ya damu waliyoipata wale wa chumba cha wastani haikuwa pungufu ya ile ya wenzao. Kazi ilifanywa na mikao, na moto ulikuwa abiria. Naye Svatmarama, anapozungumza juu ya jasho, asema ni lile litokalo kwa juhudi ya pumzi, na amtaka mwanafunzi alisugue mwilini. Harara aliyoitafuta ilikuwa ya ndani. Joto la nje huulainisha msuli upesi kuliko unavyopata nguvu, na huyaficha maumivu ambayo kazi yake ni kumwonya mtu, hata akajinyosha kupita mpaka wake asijue ila kesho yake.

Kulala chali mwishoni kunataka uangalizi wa peke yake. Mwili uliokuwa ukifanya kazi huacha kutoa joto lile la ziada, jasho lililobaki laendelea kupoza, na katika dakika chache mtu aliyekuwa na raha huanza kusikia baridi, misuli ikakaza upya na faida ikapotea. Masisi afunikwe blanketi mpaka mabegani na avae soksi, mlango urudishwe lakini tundu la hewa libaki wazi. Walikale kikwembe kimoja kikavu chatosha. Mama mjamzito asifanye mazoezi mahali penye joto kali hata kidogo, wala mwenye ugonjwa wa moyo; mzee, ambaye kiu na baridi humjia bila ya kumpigia hodi, aulizwe mara kwa mara. Na yeyote mwenye homa, hasa Walikale, aende zahanati akapimwe malaria, mkeka wake umngoje.

Ombi langu kwa wale watakaofundisha ni hili. Kila mmoja atafute kipimajoto cha ukutani, akitundike mbali na jua na mbali na paa, kwa kimo cha mtu aliyeketi, na aandike katika daftari joto la mwanzo na la mwisho wa kila kipindi, saa, namna ya paa, idadi ya watu, na kama wengi waliweza kupumua kwa pua mpaka mwisho au walifungua vinywa. Madaftari ya Nyabiondo na Lushebere, kule Masisi, yapelekwe Mubi na Hombo, kule Walikale, na ya huko yaletwe juu, kila njia inapokuwa salama kupitika.